Kawa

Zamda ndiye aliyeanza kuinusa ile harufu.
Alifungua kabati, akaitoa suti yangu ya harusi,
akaipeleka mlangoni kwenye mwanga.
Begani imeota manyoya ya kijani,
laini, kama ya kifaranga.

"Hii ni kawa," alisema,
kwa neno la bibi zetu.
Fundi rangi aliiita fangasi,
akataka lita nne za rangi ya mafuta, na nauli.

Tulipaka. Ukuta ukameta wiki tatu.
Ya nne rangi ikavimba malengelenge.
Nikatoboa moja kwa ukucha:
maji, kisha unga mweupe wa chumvi.

Basi kila mtu akawa tabibu wa ukuta.
Shemeji: masika haya, ngojeni Juni.
(Juni ikapita. Kipupwe kikaingia,
vumbi la Mburahati likafika hadi kwenye vikombe,
na ukuta bado unatoka jasho.)
Pazi mwashi: mchanga wenu ulichotwa pwani,
una chumvi, unakunywa kama mlevi wa sikukuu.
Mama mkwe hakusema neno,
alifukiza ubani pembe zote nne.

Mimi nilisema: ni Bi Mwantumu.

Bafu lake na chumba chetu vimepeana mgongo.
Alfajiri namsikia, kopo linagonga ndoo,
maji yanamwagika upande ule
na upande huu mwanangu Tatu anakohoa.
Nilimkabili mbele ya wapangaji wake:
"Bi mkubwa, unatuogea sisi."

Hakunijibu. Tangu siku ile
akawa anaogea uani, usiku, nyuma ya kanga mbili,
mwanamke wa miaka sabini mwenye nyonga mbovu.

Ukuta haukukauka.

Zamda akakata kipande cha nailoni,
akakigandisha ukutani kwa selotepu, kingo zote.
Asubuhi upande wa chumbani ulikuwa mkavu.
Matone yalikuwa nyuma, yamejipanga,
yanatazama nje kama watoto dirishani.
"Hayatoki hewani haya," alisema. "Yamo humo."

Usiku akafunga mabomba yote, hata la choo,
akaniita kwenye mita, tochi ya simu mkononi.
Ile nyota ndogo nyekundu ilikuwa inazunguka,
polepole,
kama mtu asiye na haraka kwa kuwa halipi yeye.
Saa saba usiku, mtaa mzima umelala,
sisi tunanunua maji ya kunywesha ukuta.

Pazi akaja na tindo. "Nianzie wapi?"
"Hapo," nikasema. "Shubiri mbili juu ya sakafu."

Zamda hakuutazama ukuta. Alinitazama mimi.

Elbo mpya ilikuwa shilingi elfu nane
mwaka ule tuliohamia.
Nilikuwa nazo, nikaziona nyingi.
Nikakata mpira wa baiskeli, nikazungushia,
nikakaza fundo, nikapiga plasta juu,
funika kombe.
Wahenga walimuonya asiyeziba ufa.
Mimi niliziba.

Mpira ulitoka umeoza, mweusi, unateleza kama mkunga,
na fundo bado lipo,
limefungwa kwa mkono wa kushoto.
Nyumba hii ina mashoto mmoja.
Zamda alilishika kidogo kiganjani,
akaliweka juu ya meza, karibu na sahani yangu.

Tundu tumeliacha wazi.
Ukuta hukauka kwa mwendo wake, kasema Pazi,
usiukimbize kwa rangi.
Tatu hupitisha mkono humo kutafuta mjusi.

Jioni nilipiga hodi kwa Bi Mwantumu.
Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani,
hatua kumi na nne tu, yakaniishia.
"Bafu lako, Bi," nikasema, "halina kosa."

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.
"Bafu langu nalijua," alisema.